Nilimkataza Asiingie Mtoni

Nilikuwa kidato cha tatu, mwandishi wa gazeti la shule pale Kibiti, na nilijiona mtu. Malalamiko nilishayazoea. Mpishi alinuna nilipoandika kwamba maharage yana mchanga, nahodha wa timu alidai nimemnyima bao lake. Jibu langu lilikuwa moja kwa wote: nimekurekodi, uliyasema mwenyewe.

Likizo moja, kijijini kwetu Mkongo, mamba alimchukua kijana aliyeshuka mtoni kuoga. Nilimfuata mvushaji, yule anayevusha watu kwa mtumbwi, maana ndiye aliyeonana na marehemu mwisho. Akaniambia, "Nilimkataza. Nilimwambia leo usiingie, maji hayako sawa." Maneno hayo niliyaweka juu kabisa ya habari yangu, watu wajue kwamba mto wetu una mtu mwenye huruma.

Gazeti lilipotoka, mtu akalipiga picha, likazunguka kwenye simu mpaka Mkongo. Haikupita wiki mvushaji akaja shuleni kwa bodaboda. Nilimwamkia, akaitikia kwa upole, na upole huo ndio ulionitia hofu.

"Mwanangu, maneno ni yangu, sikatai," alisema. "Ila watu wanauliza mie nilijuaje."

"Ulijua nini?"

"Kwamba siku ile ataliwa."

Kwetu kuna mamba wa mtoni na kuna mamba wa kutumwa na wachawi, na aliyeonya kabla ndiye anayetazamwa kwanza. Nayajua hayo tangu utotoni, ila kalamu iliposhika kasi hayakunijia hata kidogo.

"Mtumbwi wangu hawaupandi tena," aliendelea. "Juzi vijana wamenizingira kivukoni, wananiuliza sasa zamu ya nani. Lifute hilo neno, mwanangu, wataniua."

Nikamwambia gazeti likishatoka halifutiki. Nilimwambia hivyo mtu mzima, naye akaniangalia kama mtoto anayesubiri kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Mwalimu mlezi wa gazeti alisema masahihisho huandikwa palipo na kosa, na hapa kosa halipo, nukuu ni sahihi. Hasira zilinipanda nikabishana naye mpaka wenzangu wakanivuta shati. Mwishowe akakubali tutoe ufafanuzi. Nikaandika kwamba mvushaji huwakataza watu wote kila maji yanapojaa, miaka nenda miaka rudi, na kwamba hahusiki na kifo kile kwa namna yoyote ile. Nilihakikisha unafika Mkongo, unasomwa na kila mwenye simu.

Nilipopata ruhusa ya kwenda nyumbani, nilipitia kwake. Mtumbwi ulikuwa umepinduliwa juu ya mchanga, nyumba ina kufuli. Jirani akasema walihama alfajiri, yeye na mkewe, wamekimbilia kwa ndugu huko delta. Sikuelewa. Ufafanuzi si nilikuwa nimeshautoa?

Mama yangu, aliyenifundisha kusoma kabla sijaanza shule, alikuwa uani anapeta mchele. Nikamuuliza kama aliusoma ufafanuzi wangu.

"Nimeusoma," akasema, wala hakuacha kupeta. "Ile habari ya kwanza watu waliponong'ona, mie niliwaambia huo ni uzushi. Huu ufafanuzi wako ndio ulionitia shaka. Mtu asiye na hatia, mwanangu, nani anahangaika kumwandikia kuwa hana?"