Injini ya Lori, Njia ya Kaole

Nakumbuka Ijumaa ya mwisho ya Shaabani, miaka ya sabini mwanzoni, nimekwama mchangani na kanzu ya harusi mwilini. Nimeikumbuka, mjukuu wangu, baada ya kukusikia ukiwauliza wenzako kama gari lako ulifunge turbo au ulibadilishe injini. Keti kwanza, chai ipo.

Nilikuwa fundi magari hapa Bagamoyo, kijana wa kujiona. Meneja mmoja wa shamba la mkonge aliporudi kwao aliniachia gari lake dogo la spoti, jekundu, la viti viwili, halina paa. Kila Ijumaa nilikwenda nalo Kaole kumwamkia Mzee Shomari, na kumchungulia binti yake Zuhura, mchumba wangu. Lilikwenda na kurudi bila tabu. Kisha siku moja, kwenye kilima njia ya Chalinze, basi likanipita, na abiria wakanipungia mikono. Nilinuna wiki nzima.

Mafundi wenzangu wawili wakaja kila mmoja na dawa yake. Rajabu alitaka tufungue turbo kwenye lori lililopinduka, kile kidude kama konokono kinachosukumia injini hewa, tukifunge kwenye injini yangu. Salehe akasema huko ni kumtesa mtoto mdogo. Tuing'oe injini yote, tutie ya lori. Walibishana mwezi mzima, nami katikati naringa. Mwisho nikaichagua injini ya lori kwa sababu ilikuwa kubwa. Sababu nyingine sikuwa nayo, Mungu anisamehe. Boneti ilikataa kufunga, tukaiacha gereji.

Mzee Shomari alikuwa amesema wazi: siku ya harusi, Alasiri tuisali pamoja msikitini Kaole, kisha nikaha, maana sheikh ana safari ya Pangani. Nikichelewa, Ramadhani imeingia, na kwetu mwezi wa mfungo haozwi mtu. Ningesubiri hadi Mfungo Mosi, baada ya Idi, na binamu yake Zuhura, mwenye duka la vitambaa, alikuwa hajakata tamaa. Niliogopa, mwanangu, ila sikuonyesha.

Baada ya sala ya Ijumaa watu wangu walitangulia kwa miguu na ngoma yao. Nikawapita kwa honi, kanzu nyeupe, kilemba, vumbi tupu. Nilipoingia kwenye mchanga, ile injini nzito ya mbele ikazama na pua ya gari ikafuata. Nikaongeza moto, ikazama zaidi, na mafuta yakanirukia kifuani. Ngoma ikanikuta hapo, ikanizunguka, ikanipita. Shangazi yangu alipiga kigelegele, nadhani alifikiri ndiyo mtindo wa kisasa.

Rajabu na Salehe wakabaki kusukuma. Walisukuma kidogo na kubishana sana: mmoja akisema gari lenye turbo lisingezama, mwingine akisema injini haina kosa lolote, kosa ni la mchanga. Mara akatokea wa mwisho katika msafara, Mjomba Kheri, somo wangu wa harusi, aliyenifunda mambo ya ndoa, juu ya punda wake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hebu niambie, gari hili na injini yake ya zamani, lilikuwa likishindwa kufika Kaole?"

"Halijashindwa hata siku moja."

"Sasa mlikuwa mkilitibu nini?"

Rajabu na Salehe wakaacha kusukuma. Mjomba akashuka, akanikabidhi kamba ya punda.

Nikampanda, nikafika wakati wanakimu sala ya Alasiri. Mzee Shomari akaitazama kanzu yangu yenye mafuta, akamtazama punda, akasema, "Umewahi." Nikaozwa siku hiyo nanuka dizeli.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Watu wawili wakikuwekea mbele mambo mawili uchague, usikimbilie kuchagua. Jiulize kwanza gari lako linakwenda wapi, na kama linafika. Likiwa linafika, mshukuru Mungu, badilisha oili, nenda zako. Mimi kilichonisumbua hakikuwa injini. Ilikuwa ile mikono ya abiria wa basi, na hiyo haina spea. Bibi yako Zuhura, mpaka leo, akiniona nasitasita kati ya hili na lile, huniuliza punda wangu nimemfunga wapi.

Mungu akufikishe kila uendako, akupe mke mcheshi, na siku utakapokwama, nyuma yako aje mjomba mwenye punda.