Makapi ya Ulezi Kwenye Mlango wa Pijo

Enzi zetu pale Katandala, asubuhi za mwezi wa saba zilianza na ukungu, na ukungu ulipoanza kupungua kitu cha kwanza kuonekana uani kwetu kilikuwa gari la Baba. Lilikuwa Pijo la rangi ya maziwa, alilolinunua kwa mtaalamu mmoja wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao. Likitoka safari, sisi watoto tuliegemea boneti lake ili tuote moto, maana baridi ya Sumbawanga, nyie wa rika langu mnaijua, haina adabu. Hata leo nikifumba macho naipata harufu yake, petroli na vumbi na viti vilivyopigwa jua mchana kutwa.

Siku hizi gari likiparurwa na kuku tu, kijana analipiga picha pande zote, anawatumia washikaji wake wampe pole, kisha analipeleka kwa fundi, na jioni linarudi linang'aa. Enzi zetu, miaka ya Ujamaa, miaka ya foleni ya sukari na sabuni, mchubuko wa rangi ulikuwa jambo la kukaliwa kikao. Na mchubuko wa Pijo letu ulikuwa na mambo yake, kwa kuwa walioutia walikuwa wakwe.

Dada yetu mkubwa, Atupele, alikuwa amependana na Desideri, kijana wa kijiji cha Kate, mkulima wa mahindi na ulezi, Mfipa na Mkatoliki tangu tumboni. Baba alikuwa karani, mtu wa kutoka Mbeya, Mmoraviani asiyekosa ibada, na kichwani mwake alishampangia binti yake maisha mengine kabisa. Wakwe walipoleta mahari, mizigo yao waliipakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe wa ndugu yao anayekaa Chanji, hapo hapo mjini. Walipoingia uani, ng'ombe mmoja akashtushwa na jogoo wetu, mkokoteni ukayumba, chuma chake kikalikwaruza gari kuanzia kitasa cha mlango wa nyuma hadi karibu na taa. Wazee wale waliomba radhi mpaka Mama akaona haya. Baba akasema hakuna neno. Mahari akaipokea, maana baba zetu wadogo walishakubali, lakini mkwaruzo ule hakuugusa. Ulikaa pale hadi kutu ikaanza kuchungulia.

Dada alikuwa na ombi moja tu, kwamba Baba mwenyewe amwendeshe mpaka kanisani Kate. Kila alipomtuma Mama kuuliza, jibu lilikuwa lile lile: "Gari lililochubuka haliendi harusini."

Mama alikuwa akirudi jikoni na kuchochea kuni kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika. "Gari lina afya yake," alitunong'oneza. "Mwenye kidonda mnamjua."

Siku zikasogea. Dada akaacha kutuma ujumbe. Alikaa dirishani akidarizi vitambaa vyake, sindano inaingia na kutoka polepole, macho yake yakiwa mbali, na sisi wadogo tukajifunza kupita bila kumsemesha. Mama naye, kwa kuwa hakuwa mtu wa kungoja miujiza, alizungumza na mwenye lori la mahindi ili bibi harusi apate nafasi kule mbele, karibu na dereva. Niliumia sana moyoni nilipomsikia akipanga hivyo. Akilini nilimwona Dada na shela lake akishuka kwenye lori mbele ya ukweni, huku watu wakiulizana kama baba yake yu hai.

Ndipo asubuhi moja tukaamshwa na sauti ya kukwangua. Tulichungulia. Baba alikuwa amepiga magoti kwenye umande, amevaa koti lake kuukuu la ofisini, anasugua mlango wa Pijo kwa majani ya msasa. Msasa wa karatasi ulikuwa hadithi dukani wakati ule, lakini majani ya mti wenyewe, yale yenye makali kama ulimi wa paka, yalikuwepo. Mama aliweka kidole mdomoni. "Msimuulize kitu," akasema. "Mkimuuliza ataacha."

Basi nyumba nzima ikanyamaza. Sijawahi kuona tena kimya kitamu namna ile. Tulimtazama akisaga chaki na kuikanda kwa vanishi mpaka ikawa pati ya kuzibia, akaipaka kwenye mkwaruzo kwa kisu cha mkate, akaiacha ikauke, akasugua tena. Rangi aliitengeneza mwenyewe. Nyeupe ilibaki tulipopaka milango ya nyumba, na kidogo ya manjano alipewa na fundi baiskeli. Aliichanganya kwa kijiti, akawa anaijaribu kwenye kipande cha ubao, anakipeleka juani, anakisogeza kando ya gari, anatikisa kichwa, anaongeza manjano tone moja. Madirisha aliyafunika kwa magazeti yaliyogandishwa kwa uji mzito. Kisha akamwomba Mama bomba la kupulizia dawa ya mbu. Mama alilitoa bila neno, yeye aliyekuwa hamruhusu mtu hata kulishika, akaliosha kwa petroli mwenyewe.

Alipulizia mchana wa siku moja kabla ya harusi. Rangi ilitua laini, ikafanana na ile ya zamani hata mimi nikashindwa kuona inapoanzia. Baba akarudi nyuma, mikono kiunoni, akatabasamu peke yake. Alichosahau, kwa kuwa alikuwa mtu wa ofisi na si wa shamba, ni kwamba ulikuwa msimu wa kupepeta.

Upepo wa Ufipa ukageuka. Ng'ambo ya ua, jirani yetu Bibi Yustina, Mfipa mwenye umri wa mama yake Baba, alikuwa anapepeta ulezi wa kupeleka kwenye harusi ile ile. Makapi yakainuka, yakapita juu ya ua yakimeta juani, yakaja taratibu na kutua yote kwenye rangi mbichi. Mlango ukaota manyoya. Na rangi ilikuwa imekwisha.

Dada alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba, na nilimwona akilishika shavu lake. Sote tulijua kwamba neno moja la Baba sasa hivi lingempandisha kwenye lori.

Bibi Yustina alikuja na ungo wake mkononi. Baba akamwamkia shikamoo, kwa sauti kavu.

"Marahaba, baba. Unisamehe. Upepo huu mimi haunisikii." Akainama, akajaribu kubandua kapi moja kwa ukucha, likakatalia. Akamtazama Baba kwa jicho la utani. "Umeona? Ulezi wetu sisi Wafipa ndivyo ulivyo. Ukishika, hauachii."

Baba aliuangalia mlango. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na tukagundua kwamba anacheka, kicheko ambacho hatukukisikia tangu siku ya mahari.

"Basi mama," akasema, "na mwanangu mshikeni hivyo hivyo."

Dada aliingia ndani akalia, na Mama akamwacha alie.

Kesho yake Pijo liliondoka na makapi yake, sisi wengine tukafuata kwenye lori la mahindi. Dada alinisimulia baadaye, naye akiwa mama wa watoto wakubwa, alichokifanya Baba njiani. Karibu kabisa na Kate, paa la kanisa lilipoonekana, alisimamisha gari pembeni, akazima injini, na bila kugeuka akamwambia: "Mwanangu, njia ya kurudi nyumbani ni hii hii tuliyopita. Siku yoyote." Kisha akawasha gari tena.

Hivi karibuni tulimwoza mjukuu wa Dada. Gari lilikodiwa, jeupe, refu, rangi yake haina hata alama ya ukucha, limefungwa riboni mpaka kwenye vioo vya pembeni, na dereva wake ni kijana wa miwani myeusi ambaye hakuna aliyemjua jina. Baba yake bibi harusi tulikaa naye kwenye basi la kosta, nyuma kabisa ya msafara, akiwa na suti yake mpya na mikono magotini. Lilipendeza, sisemi uongo. Nikalitazama likitangulia mpaka likapotelea kwenye vumbi, nikawaza, yule dereva wa kukodi atamwambia nini mtoto wetu njiani?