Hina ya Kuagana

Leo, kwenye duka la Mpemba pale Mwanjelwa, muuzaji amefungua kopo la hina, na harufu ile ya majani imenirudisha kisiwani kwao, kwenye likizo ile ya utotoni, zilipokuwa zimebaki siku mbili turudi Mbeya.

Binti wa mwenyeji wetu alikuwa rafiki yangu mimi kwanza. Aliniita shoga, kama wanavyoitana wanawake wa kule, akanifundisha kukuna nazi. Kisha mdogo wangu akaja na vicheko vyake, akanipokonya rafiki huyo.

Hina ya kuagana, binti yule alimpaka mdogo wangu kwanza, maua mpaka kwenye viwiko, taratibu, huku wakicheka. Mimi nilipakwa iliyobaki bakulini.

"Usinawe mpaka ikauke, shoga," aliniambia.

Nilienda moja kwa moja kwenye pipa la maji, nikanawa yote.

Tukarudi kwenye baridi yetu. Kila asubuhi nilichungulia mikono ya mdogo wangu, nione ua gani limefifia. Lilipofutika la mwisho, alikuja kitandani kwangu akilia.

"Dada, sasa si atatusahau?"

Nikamkumbatia kwa mikono yangu safi, na moyoni nilikuwa nafurahi.