Mkate wa Chai Iliyobaki

Ukitaka kunitapisha siku hizi, huna haja ya kunionyesha panya aliyeoza. Niwekee tu mezani kipande cha mkate wenye zabibu kavu, na kikombe cha chai pembeni, utaona ninavyotoka mbio. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi ndiye niliyeutangaza mkate huo Remera nzima, hapa Kigali. Kila mteja aliyeingia dukani kwangu kupimwa gauni nilimwambia: nenda Kibagabaga, ukaonje mkate wa chai wa Gahongayire, ndipo utajua kwamba siku zote ulikuwa unatafuna magodoro.

Gahongayire ni jirani yangu Busanza, ukuta kwa ukuta. Katika maisha yangu sijaona mtu mwenye kinyaa kama yeye. Ananawa mpaka viwikoni. Ukimpa maji, kwanza anainua glasi kwenye mwanga aikague. Arusini hali chochote, eti sahani za kukodi hazijulikani zimelambwa na nani. Mtaani wanamwita Madamu Sabuni, naye anajua na wala hashughuliki. Nilikuwa namcheka pamoja na wengine, lakini nyumbani kwake nilikula nimefumba macho. Mimi ni Mwislamu. Kwa watu huuliza mafuta gani haya, nyama hii imechinjwa na nani. Kwa Gahongayire sikuwahi kuuliza kitu.

Alikulia Uganda, Mbarara, ambako mama yake alikuwa mpishi katika nyumba ya wamisionari. Huko ndiko alikojifunza skonzi. Usifikirie zile skonzi za dukani ambazo ukizibonyeza zinabaki na alama ya kidole mpaka kesho. Zake zilikuwa na kimo, zinapasuka zenyewe katikati, na ndani zinatoa mvuke wa moto. Siagi baridi aliisugulia kwenye unga kwa ncha za vidole, haraka haraka kabla haijayeyuka, akamimina ikivuguto, yale maziwa yetu ya mgando, kisha akaubonyeza unga kidogo tu na kuukata. "Ukiukanda kama wa chapati umeuua," husema.

Lakini mkate wa chai ndio uliompa jina. Zabibu kavu na nanasi kavu hulazwa usiku kucha ndani ya chai ya rangi iliyopoa, ile ambayo Kigali tunaiita mukaru, mpaka zinavimba na kulainika. Asubuhi ndipo zinachanganywa na unga, mayai na mdalasini. Kuna wanaolaza matunda yao kwenye pombe. Yeye alikataa pombe kwa ajili yangu. Hakuniambia, lakini nilijua.

Kazi hiyo aliifanya kwenye nyumba ya chai ya Norman, huko Kibagabaga. Norman ni kijana aliyekulia Nairobi, viatu vyeupe, meno meupe, kila neno lake limepakwa asali. Alasiri pale hujaa akina mama wenye magari. Wanaletewa sahani za ghorofa tatu, wanazipiga picha mpaka chai inapoa, wanakunywa nusu kikombe, wanaondoka. Gahongayire aliwaona ni wajinga, lakini jiko la Norman lilikuwa kubwa na zuri, jiko ambalo yeye nyumbani asingeweza kuwa nalo. Jioni kabla ya kuondoka alimwachia maagizo Kayitesi, mhudumu wa pale: matunda yalazwe kwenye chai iliyobaki, na asubuhi yachujwe kabla yeye hajafika. Alikuwa na maana ya ile iliyobaki kwenye buli, haijamiminwa, haijaguswa na mtu. Nani angefikiria kwamba jambo hilo linahitaji kufafanuliwa?

Miezi ya karibuni mkate ulizidi utamu. Gahongayire akapunguza sukari, bado ukawa mtamu. Wateja wakasifu, Norman akachekelea, na mimi nikaomba vipande vya kupeleka nyumbani.

Sasa, Gahongayire ana binti mmoja tu, Ihirwe, na Ihirwe alikuwa amepata mchumba, Eddie. Eddie hana wazazi. Alilelewa na bibi yake, Nyiraneza, mwanamke aliyeishi Karagwe, Tanzania, mpaka akawa mtu mzima, na Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Kwetu, kabla ya posa, ukoo wa mwanamume huja kufata irembo, yaani kubisha hodi rasmi kwa wazazi wa msichana. Nyiraneza akasema hatabisha hodi kwa mtu asiyemjua. Kwanza anywe chai na mama mtu, amtazame. Akimpenda, watakuja. Asipompenda, Eddie atafute kwingine. Na Eddie hajawahi kumpinga bibi yake hata siku moja, jambo ambalo Ihirwe alilisifu wakati ule.

Norman akajitolea kutupa meza nzuri ya dirishani. Gahongayire hana dada Kigali, kwa hiyo dada nikawa mimi, Nyirarukundo. Nilivaa mshanana, vazi letu la sherehe, niliojishonea mwenyewe, nikampitia Gahongayire jikoni alasiri hiyo ili tutoke pamoja kuwapokea wageni. Skonzi zilikuwa zimetoka motoni. Mikate ya chai, aliyoioka jana yake kwa sababu huwa mizuri zaidi ikilala, ilikuwa ubaoni, naye akaanza kukata.

Kisu kikanasa. Akavuta. Kipande kikatoka, na kati ya kipande na mkate ukanyooka uzi mrefu wa rangi ya waridi, unang'aa.

"Ni nanasi?" nikauliza.

Akalichomoa kwa ncha ya kisu, akaliinua kwenye mwanga. Lilikuwa bigijii, ile ambayo Kigali tunaiita shikareti, limetafunwa, na alama za meno zilionekana upande mmoja.

Kayitesi alikuwa anasuuza vikombe. Alipoona kile kilichokuwa kwenye kisu akaacha bomba linatiririka.

"Kayitesi," Gahongayire akasema polepole, "ile matunda unaweka mu chai gani?"

"Ile inabaki, Mama."

"Inabaki wapi?"

"Kwa vikombe." Akashusha macho. "Bosi alisema chai yangu haimwagwi hapa. Yote natia mu ndoo. Wateja wengine wanatupamo shikareti, mimi natoa, ariko hii sikuiona. Mama, mimi nilijua iko mbaya. Bosi ni bosi."

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Norman yeye aliyazoa. Ndoo ilikuwa chini ya meza, na mfuniko wake. Gahongayire akaufunua, na harufu iliyotoka mle sitaisahau: chai, maziwa yaliyochacha, limau, na kitu kingine cha uvuguvugu kama pumzi ya mtu anayeamka. Juu kulikuwa kunaelea utando, na kwenye utando ule alama nyekundu ya rangi ya mdomo. Ndipo nikaelewa utamu ule ulikotoka. Ilikuwa sukari ya watu, waliyokoroga wenyewe, wakanywa, wakarudisha. Nikawaza midomo yote iliyopita pale, yenye mafua, yenye meno ya bandia, yule mama anayechovya biskuti na kuinyonya. Miezi yote ile nilikuwa nakula masazo yao na kulamba vidole.

Nikatapika kwenye sinki. Sioni haya kusema. Gahongayire alitapika baada yangu.

Norman akaingia na tabasamu lake. "Mama Ihirwe, wageni wamefika! Mukecuru, ule bibi, iko smati sana!" Kisha akaona ndoo iko wazi, na tabasamu halikupungua hata kidogo. Hilo ndilo lililonichefua kuliko ndoo.

"Norman, unalisha watu mate," Gahongayire akasema.

"Aaa, Mama, usifanye kitu kidogo ikuwe kubwa. Oven inaua kila kitu. Na sisi Wanyarwanda si tunasangira? Zamani mrija moja, wazee kumi. Hii nayo ni gusangira tu."

Kusangira ni watu kukaa pamoja na kukubaliana kunywa pamoja. Kumnywesha mtu mate ya asiyemjua kuna jina lake, na nililitamka palepale jikoni, ila hapa silirudii.

"Leo usiharibie mtoto," Norman akasema kwa sauti ya chini. "Ukisema pale mezani, ule mukecuru ataondoka. Umeoka wewe, si mimi. Atasema wewe ndiyo mchafu." Gahongayire akainama kusukutua mdomo, na alipoinuka Norman alikwisha kuipakia mikate na skonzi kwenye sinia, akatoka nayo.

Tulipofika ukumbini, mkate ulikuwa umeshakatwa na sahani zimepangwa. Nyiraneza alikaa wima, mikono mapajani. Ihirwe alikuwa anang'aa kwa furaha. Eddie, kama vijana wa siku hizi, hakungoja mtu. Alikuwa na mkate mkononi na shavu limejaa. Tukasalimiana, tukakumbatiana, tukakaa. Norman akasimama nyuma yetu na kitambaa chake mkononi.

"Mama Ihirwe," Nyiraneza akasema, "mimi ni mtu wa zamani, mniwie radhi. Kwetu mwenyeji ndiye anayesogongera. Onja kwanza wewe, nasi tule."

Kila Mnyarwanda anajua maana yake. Mwenyeji huonja mbele ya mgeni ili mgeni ajue hakuna sumu. Mwenyeji akikataa kuonja, hana haja ya kusema neno tena.

Gahongayire akachukua kipande. Nilimwona Ihirwe anatutazama, mara mama yake, mara mimi. Alikwisha kuona kwamba kuna jambo, na macho yake yalikuwa yanaomba tu lipite. Kuonja mara moja, kumeza, kutabasamu, binti anaolewa. Mkono ukapanda mpaka karibu na mdomo. Kisha akakirudisha kipande sahanini.

"Mama, msile," akasema. "Nimeoka mimi, lakini sikujua. Matunda haya yamelazwa kwenye chai ya vikombe vya watu. Masazo. Nimejua sasa hivi, jikoni. Nisamehe."

Watu wa meza za jirani wakageuka kututazama. Ihirwe akafunika uso kwa viganja. Norman akacheka. "Mukecuru, huyu anatania. Iko mkate mzuri, freshi!"

Nyiraneza akamgeukia. "Wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Yego, Mukecuru."

"Basi onja wewe."

Nilidhani amenaswa. Wallahi nilifurahi, nikajiambia leo tutamwona anavyojikanyaga. Norman akachukua kipande kikubwa kuliko vyote, akakiuma, akatafuna akitutazama mmoja mmoja, akameza, akalamba kidole. "Mtamu," akasema. Sijawahi kumwona binadamu akinitia kinyaa namna ile. Anayeficha uchafu kwa aibu, walau ana aibu.

Wa kwanza kuzungumza alikuwa Eddie. Alikuwa ameacha kutafuna wakati Gahongayire anasema, shavu bado limejaa. Sasa akamtazama Norman, akatazama meza za watu, akameza. "Haina shida," akasema, na mkono wake ukaenda kwenye sahani, akachukua kingine. "Si chai tu? Tusiharibu siku."

Nyiraneza hakumwangalia. Alisimama, akaizunguka meza, akamshika Gahongayire mikono yote miwili.

"Nilikuja kukutazama, nimekutazama," akasema. "Ungeweza kuninyamazia, nami nisingejua mpaka nazikwa. Mwezi ujao tutakuja kubisha hodi. Mtuandalie maji ya moto tu, yanatosha."

Gahongayire alilia mpaka tulipofika barabarani. Alilia kwa yote, jiko lile ambalo hatalitumia tena, jina lake ambalo kesho litakuwa kwenye simu za wale akina mama, na furaha. Aliniegemea akicheka na kulia pamoja, anasema, umeona, Nyirarukundo, umeona Mungu alivyo, nimesema ukweli na mtoto wangu anaolewa. Nami nilimwambia hongera, maana alistahili.

Ihirwe alikuwa anatembea nyuma yetu. Tulipofika kwenye kituo cha pikipiki akasema, "Mama, waambie wasije."

Gahongayire akageuka. Nilifikiri atampiga kibao. "Wasije? Baada ya yote haya? Unajua nimeaibika vipi mle ndani? Yule bibi amekubali!"

"Bibi sina neno naye," Ihirwe akasema. Alikuwa amekunja uso kama mtu aliyenusa kitu. "Ila Eddie alisikia kila kitu, Mama. Akameza. Halafu akaongeza."

Gahongayire akafungua mdomo kumgombeza. Akamtazama binti yake, yule aliyemfundisha mwenyewe kuinua glasi kwenye mwanga, akaufunga. Kisha akaita pikipiki tatu.