Mzani Nilioudai Mwenyewe

Najua Papa Ilunga ameshawasimulia, na najua amesimulia vibaya, kwa sababu yule bwana akisimulia jambo lazima aongeze polisi na pingu, na pingu hazikuwepo, nawaapia. Polisi nusura waitwe, hilo nakubali. Basi ngojeni niwaeleze mwenyewe, maana aibu ni yangu na nimeshaizoea, jinsi nilivyoumbuka kwenye geti la mlima huko Peru, mbele ya binti yangu wa kumzaa na mbele ya wazungu wenye simu, kwa sababu ya kujifanya naijua dunia kuliko wenye dunia.

Kwa asiyenijua, mimi ni fundi wa mabegi na viatu hapa Jeppestown, mlango unaofuata baada ya cherehani za Papa Ilunga (Mkongo wa Lubumbashi, ndugu yangu kwa kila kitu isipokuwa kutunza siri). Kwetu ni Marangu, na kabla sijaja Joburg nilikuwa mpagazi Kilimanjaro, nabeba mizigo ya watalii kichwani mpaka Kibo. Neema, mwanangu wa pekee, amezaliwa hapa hapa, Kiswahili anakielewa chote lakini akifungua mdomo kinatoka Kizulu au Kiingereza, na mlima wa kwetu hajawahi kuutia machoni. Anachokijua yeye ni bega langu la kushoto, ambalo baridi ya Juni ikiingia linauma mpaka sipati usingizi, na tangu mdogo ndiye aliyekuwa ananichua kwa dawa huku namsimulia lilivyoharibika: mtalii mmoja alificha vyuma vyake vya mazoezi chini ya nguo, hakumwambia mtu, mimi nikavibeba mpaka kambi ya Horombo nikidhani ni uzee umenianza mapema. Hadithi hiyo nimemsimulia mara nyingi mno, na naomba mlikumbuke hilo.

Sasa Neema alipopata kazi ya maana akaniambia, "Baba, kila siku mlima, mlima, na mimi nakuona umeinamia viatu vya watu tu. Nataka nikuone mlimani. Tunaenda kwa Wainka." Nikamwambia kama ni mlima si twende Marangu, akasema huko likizo yote itaishia kwenye salamu na misiba, halafu akaongeza, "Na huko wewe ndiye utakayebebewa, Baba. Mara moja tu kabla sijaolewa." Niseme ukweli, moyo ulilainika. Papa Ilunga yeye akatoa kichwa mlangoni akauliza, "Papa Neema, mutasafiri mbali vile kuangalia mawe? Mawe si iko mingi hapa Joburg?"

Mimi nilikuwa na shaka tangu mwanzo, lakini si ya mawe. Mtu aliyekaa Joburg miaka kama yangu, akisimama kwenye robot (taa za barabarani) mkono mmoja uko kwenye simu na mwingine uko kwenye kitasa, huwezi kumwambia aende nchi asiyoijua na moyo mweupe. Nilikuwa na shaka na ajenti aliyepokea simu haraka mno. Nikawa na shaka na chakula, kwa sababu niliambiwa huko wanakula simbilisi. Na shaka ya chakula ndiyo iliyoniponza, maana usiku wa kufunga safari nilichukua begi langu, ambalo nilikuwa nimeshalishonea sakafu ya pili chini kwa ajili ya wezi (kazi safi, mshono huuoni hata ukiuangalia kwa miwani), nikajaza humo unga wa sembe. Mweupe, ule laini, nimeuhamishia kwenye mifuko ya plastiki isiyo na maandishi, kwa sababu mifuko ya karatasi inapasuka. Ulipitaje viwanja vya ndege vyote vile mpaka leo sijui, na hilo nalo linanitia shaka.

Kule Cusco tulipewa kiongozi, kijana anaitwa Wilber, anatabasamu asubuhi mpaka jioni. Mtu anayetabasamu hivyo mimi simwamini. Akatuletea chai ya majani fulani, akasema inasaidia kwa ajili ya mwinuko. Neema akanywa, mimi nikaimwaga kwenye chungu cha maua. Halafu akaleta mzani wa kuning'iniza, akasema kila mgeni ana kilo zake zitakazobebwa na wapagazi, zisizidi hapo, na anapima sasa hivi, hotelini. Mimi nikaingia chumbani, nikautoa unga, nikapeleka begi likapimwa likawa safi kabisa, Wilber akanipigia saluti, nikarudi chumbani nikaurudisha unga. Wala sikujiona nafanya kosa. Nilijiambia sembe kidogo hii itamuumiza nani.

Kesho yake tukafika getini, pale njia ya mlima inapoanzia, kando ya mto. Na pale, jamani, moyo wangu ulirudi ujanani. Wapagazi wako chini wanafunga mafurushi, wamevaa kandambili za matairi kama katambuga za kwetu, wanataniana kwa lugha yao, na mbele kuna kibanda cha askari wa hifadhi na mzani mkubwa, kila mpagazi anapanda na furushi lake linapimwa. Nikamwambia Neema, "Unaona? Kama Marangu geti." Nikaanza kumfundisha: yule amefunga kamba vibaya, yule atachoka kabla ya mchana. Neema anacheka, anapiga picha, anafurahi. Nikajiona kweli sasa binti yangu anamwona baba yake.

Ndipo nikamwona mzee mmoja, rika langu au zaidi, wanamwita Hilario, amekaa pembeni na furushi kubwa kuliko ya wenzake, hajapanga foleni ya mzani. Na Wilber amechuchumaa karibu naye, anamnong'oneza, halafu anageuka kumtazama askari, halafu ananong'ona tena. Nikasema ahaa. Mchezo huu naujua. Kwetu siku zile mkubwa wa safari akitaka kupunguza idadi ya wapagazi wa kulipwa, anamtwisha mnyonge mmoja mizigo ya watu wawili, halafu anampitisha nyuma ya kibanda mzani usimwone. Lile tabasamu lote nikalielewa maana yake.

Nikamwambia Neema, "Yule mzee anaonewa." Neema akasema, "Baba, please, usianze." Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza. Nilitembea katikati ya watu, nikaenda mpaka kibandani, kwa askari mmoja mwanamama mfupi mwenye kofia pana, nikamwonyesha mzee, nikamwonyesha furushi, nikamwonyesha mzani, na kwa Kiingereza changu cha dukani nikapaza sauti kila mtu asikie: mpime huyu, mpime sasa hivi, mimi mwenyewe nilikuwa mpagazi, najua wanachokifanya. Wazungu wa kundi letu wakapiga makofi. Mmoja akatoa simu akaanza kunirekodi, na mimi (Mungu anisamehe) nikageuka kidogo ili sura ionekane vizuri.

Wilber tabasamu likamtoka. Mara ya kwanza namwona hana meno nje, nikasema nimempata.

Mzee Hilario akapanda mzani na furushi lake, hanitazami, anatazama chini. Mshale ukapita mstari. Askari akatikisa kichwa, akasema maneno, na Neema akamuuliza Wilber yanasemaje, akatutafsiria kwa sauti ndogo: furushi limezidi, na aliyezidisha haruhusiwi kupita, mzee atarudi nyumbani leo na safari hii hana kazi. Nikasema hapana, asirudi yeye, arudi aliyemtwisha. Nikamnyooshea Wilber kidole. Askari akaona hilo lina haki, akaamuru furushi lifunguliwe, ionekane kilichozidi ni cha nani.

Turubai likafunguliwa. Likatoka hema, likatoka jiko, yakatoka mabegi ya wageni, moja moja yakatundikwa kwenye mzani mdogo, hili sawa, hili sawa, na la mwisho kabisa likatoka begi la kahawia lenye zipu ya shaba, zipu niliyoipachika kwa mikono yangu hii. Sijui kwa nini sikuwa nimelifikiria. Nadhani kichwani mwangu begi langu lilikuwa bado ni lile lililopimwa hotelini.

Mshale ukaruka. Askari akalifungua, akatoa nguo, akaliinua tupu, bado zito. Akaligonga chini kwa vidole. Akanitazama. Akatoa kisu kidogo, akafumua mshono wangu (mshono mzuri ule, roho iliniuma), akachomoa mfuko wa kwanza wa unga mweupe, na wa pili, na wa tatu, akaipanga mezani. Na mimi hapo ndipo nilipokumbuka niko nchi gani, na unga mweupe uliofichwa chini ya begi katika nchi ile watu wanaudhania ni nini.

Askari akashika redio yake ya mkononi. Wale waliokuwa wananipigia makofi wakarudi nyuma. Nikamwambia Neema waambie ni sembe, waambie ni ugali, na Neema analia, anasema, "Baba, nitawaambiaje, umeuficha." Sasa mkosi haujaisha. Nikaona njia ya kuthibitisha ni moja tu, nikarukia mfuko, nikachota konzi nzima nikaitia mdomoni. Loo. Watu wakapiga kelele, walidhani nakula ushahidi. Askari akanishika shingo. Na unga mkavu mnaujua, ukakaba koo, nikakohoa, wingu lote likamtua yule mama usoni, kwenye kofia, kwenye redio, mpaka kope.

Aliyeniokoa ni Wilber, na hilo nalisema kwa shida. Alilamba kidole, akaonja, akamwambia askari kitu, akamwita mpishi wetu. Maji yakachemshwa pale pale kwenye kibanda cha serikali, na mimi nikasonga ugali kwa kijiko cha mbao, watu wamenizunguka wananichunguza. Ulipoiva mwanamama askari hakugusa mpaka nilipokula mimi kwanza, akasubiri aone nitaanguka au la, ndipo akamega. Akatafuna muda mrefu bila kuniondolea macho. Halafu akaweka redio chini, akasema neno moja, Wilber akatafsiri: hauna chumvi.

Wapagazi wakacheka, wakaja wakamega, mpishi akaleta pilipili. Nikadhani yameisha. Neema hakuja kula. Alinivuta pembeni, na kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, polepole, akaniambia alichoambiwa na Wilber: asubuhi ile mzee Hilario alihisi furushi limezidi, akamwambia kiongozi wake, na pale walipokuwa wananong'ona walikuwa wanatafuta namna ya kuligawa kabla ya mzani ili mzee asifukuzwe. Halafu akaniwekea mkono juu ya bega la kushoto.

"Baba," akasema, "yule mtu wa vyuma. Leo ni wewe."

Nimetukanwa sana maishani, nimetukanwa Park Station, nimetukanwa na wateja wa viatu, lakini sijawahi kuambiwa neno likanikalia hivyo. Nilienda kwa mzee Hilario, nikavua kofia, na kwa kuwa sina lugha yake nikachukua ile mifuko miwili iliyobaki ya unga, na nguo zangu zote, nikafunga kwenye shuka, nikaviringisha skafu ya Neema nikatengeneza ngata, nikajitwisha kichwani kama kwetu. Wilber akataka kunizuia, mzee akamshika mkono. Askari akampandisha mzee mzani tena, mshale ukakaa, akampitisha.

Nikapanda hivyo siku hiyo na siku ya kilele chao kile kirefu, bila kushika mzigo kwa mkono, shingo wima, napumua kwa pua, na ile chai niliyoimwaga nikaiomba mwenyewe, nikanywa vikombe. Bega liliuma, wacha liume. Jioni tukapika sembe na wapagazi mpaka ukaisha. Magofu yenyewe ya Wainka tuliyafika alfajiri na ukungu, mawe yamepangwa bila udongo, mazuri kweli (Papa Ilunga, ya Joburg hayafiki), lakini Neema hakupiga picha nyingi pale. Picha aliyoipenda ni ya njiani, aliyonipiga kwa nyuma bila kunijulisha, mzigo kichwani, mikono imelegea.

Sasa nimejiwekea nadhiri, na Papa Ilunga ni shahidi, kwamba sitadai mzigo wa mtu upimwe kabla sijaumwaga wangu chini nikauona mpaka sakafu. Shaka zangu nyingine nimebaki nazo. Ajenti yule bado simwamini. Na ile picha Neema ameitundika dukani kwangu, juu ya mashine, na mwezi jana alikuja mchumba wake na wazazi wake, watu wa Alexandra, wakauliza huyu anayebeba ni nani. Nikainama nikajifanya natafuta uzi. Neema akawajibu kwa Kizulu, halafu akageuka akalirudia kwa Kiswahili, nadhani makusudi ili nisikie.

"Ni baba yangu," akasema. "Alikuwa anafanya kazi mlimani."