Kiwanda cha Maboti Kule Bwawani

Mume wangu alinipigia simu asubuhi, nikiwa kwa binti yetu mtaa wa Dallas, Embu, nilikokuja kutibiwa magoti. Hakunisalimu. Alisema tu, "Wameanza kubomoa. Mabati wameshashusha." Nikamuuliza kama amekula. Hakuwa amekula. Nikavaa viatu nikaenda, ingawa daktari alikuwa amenikataza safari, kwa sababu nilijua angekaa pale juani na njaa yake mpaka ukuta wa mwisho uanguke.

Kilichokuwa kinabomolewa ni kiwanda cha maboti ya mbao, huko chini Mbeere, kando ya bwawa. Watu wa huku juu wakisikia hivyo hucheka. Mbeere ni nchi ya mbuzi, ndengu na vumbi. Mtu wa huko anajua kutafuta maji, hajui kuelea juu yake. Mimi nilizaliwa kabla ya bwawa. Shamba la baba yangu liko chini ya maji hayo, na kaburi la nyanya pia. Tulipohamishwa tulipanda juu kidogo, na kwa muda mrefu mama yangu hakutaka kupika akiwa ameelekea upande ule.

Jumba la mawe lilijengwa na watu waliochimba bwawa. Waliweka saruji humo. Kazi yao ilipoisha walienda zao, wakaacha kuta nene, mlango mpana wa kuingiza lori, na popo. Likakaa hivyo mpaka wavuvi wakaunda chama, wakapewa jumba, wakamleta fundi kutoka upande wa Ziwa Victoria awatengenezee maboti. Fundi huyo hakujua Kimbeere, na sisi Kiswahili chetu kilikuwa cha shule ya msingi, kwa hiyo mengi alitufundisha kwa mikono.

Mume wangu alikuwa seremala huko juu Karurumo, wa viti vya kanisa na majeneza. Alishuka kutafuta kazi wakamchukua. Mimi nilikuwa nawapikia githeri, mahindi na maharagwe. Siku moja fundi aliviangalia vidole vyangu vyembamba, akanipa pamba na patasi butu, akanionyesha jinsi ya kuisindilia pamba katikati ya mbao ili maji yasipite, kisha kupaka lami ya moto juu yake. Sikurudi jikoni tena. Niliifanya kazi hiyo kabla ya kuolewa, nikaifanya nikiwa na mimba, nikaifanya na mtoto mgongoni. Harufu ya lami haikutoka kwenye nguo zangu hata za kwenda kanisani.

Maboti yalipozidi urefu, chama kikaongeza banda la mabati upande wa chini. Mume wangu aliwaambia kwamba wamekaribia maji mno. Walisema boti halifai kubebwa mbali. Mbao zililetwa na malori kutoka Meru, na vumbi la kuzipasua tulilivuta sote. Hakuna aliyejifunika pua. Nani angefikiria?

Maji yalipopanda, fundi wa ziwani alikuwa ameshazeeka na kurudi kwao. Mvua ya mwezi wa nne ilinyesha milimani bila kupumzika, na bwawa likajaa mpaka likaingia bandani. Tulikuta maboti mawili ambayo hayajakamilika yameinuka kutoka kwenye magogo yake, yanagongana ubavu kwa ubavu. Maboti ya wavuvi yaliyofungwa ufuoni yalikuwa yamechukuliwa na maji. Na ng'ambo, kilima kidogo walikokaa majirani zetu kilikuwa kimegeuka kisiwa. Tulisikia akina mama wakiita.

Mume wangu alilishika boti moja kwa kamba.

"Halijapakwa lami," nikamwambia.

"Naona."

"Litazama."

"Litazama polepole," akasema. "Sindilia."

Pamba iliisha haraka. Nikararua blanketi tulilokuwa tunamlalishia mtoto, nikasindilia vipande vyake, nikapaka sabuni ya kipande juu. Alivuka na wavuvi wawili wakipiga makasia. Walirudi na akina mama na watoto, na wale akina mama walikuwa wakiteka maji kutoka botini kwa sufuria. Wakaenda tena. Safari hiyo mzee mmoja alikataa kupanda bila mbuzi wake. Mume wangu alibishana naye, kisha akachoka kubishana, akawapakia wote. Karibu na ufuo boti liligonga kisiki likapasuka. Wote wakashuka wakatembea maji yakiwa kifuani, mzee ameshika mbuzi kwa pembe.

Hakufa mtu. Jumapili walimwombea mume wangu kanisani, wakampa kuku. Siku zile alianza kukohoa, tukasema ni baridi ya maji.

Banda la mabati halikunyooka tena. Lakini si mafuriko yaliyotumaliza. Ukataji wa miti ulizuiliwa, mbao zikaadimika, na yakaja maboti mepesi yasiyohitaji pamba wala lami. Wavuvi waliyapenda. Sikuwalaumu, hata mimi ningechoka kubeba yale yetu. Chama kikavunjika. Jumba likawa kanisa, kisha ghala la ndengu, kisha mahali pa kufungia muguka, yale majani ya kutafuna, na mume wangu akawa mlinzi wa kila aliyeingia. Alifungua na kufunga mlango uleule, akizitia bawaba zake mafuta, akikohoa.

Sasa mwenye kununua kiwanja anataka nyumba ya wageni, watu waje kuangalia maji.

Nilipofika nilimkuta ameketi kwenye jiwe, koti amelivaa katika joto lile. Nikampa chai na viazi vitamu. Kijana aliyesimamia kazi akaja kwa heshima, akavua kofia.

"Cucu," akaniita, kama nyanya yake, "hii nyumba ilikuwa ya nini zamani?"

"Kiwanda cha maboti."

"Maboti? Huku?"

"Huku."

Alingoja niendelee. Nikammiminia mume wangu chai nyingine. Akatuambia tunaweza kuchukua boriti za dari, bado ni nzima. Mume wangu akatikisa kichwa.

"Chukua hata za kuni," nikamwambia.

"Nimebeba mbao za kutosha, mama watoto."

Tulibaki hapo mpaka alipomaliza kula. Ukuta wa nyuma ulikuwa bado umesimama, wanaupiga kwa nyundo kubwa na haukubali, wakapumzika, wakaanza tena. Nikamwambia twende. Nilidhani atakataa, kama alivyokataa kila mara nilipomtaka aje Embu apimwe kifua. Alinyoosha mkono nimwinue. Magoti yangu yaliuma, pumzi yake ilikatika, tukainuka hivyo hivyo kwa kusaidiana.

Yuko hapa Dallas sasa. Daktari amesema mapafu yamechoka, amempa dawa ya kuvuta na kutukataza jiko la kuni. Binti yetu amempangia chumba cha mbele chenye jua. Mchana analala, mdomo wazi, na mimi nakaa kando yake nikichambua mboga. Jana aliamka akaniuliza kama geti la jirani linalolia hivyo halina mtu wa kulitia mafuta. Nikamwambia sijui. Akageukia ukutani akalala tena.