Koki ya Saba

Akufukuzaye hakwambii toka. Barua ya mkoa ilimshukuru kwa miaka thelathini na moja ya utumishi uliotukuka, ikamtakia afya njema, na katika mstari wa mwisho ikamtaka akabidhi ufunguo ndani ya siku tatu. Mkoa ulikuwa umeyachukua maji ya mji mikononi mwake, na sera mpya ilisema asiye na cheti hagusi bomba la umma. Mzee Koki hakuwa na cheti chochote ila cha ndoa.

Mji mzima ulimjua kwa jina hilo. Maji hayakutosha mitaa yote kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila asubuhi alizunguka na ule ufunguo wa chuma unaomfika kifuani, akifunua mifuniko barabarani na kufungua koki kubwa zilizozikwa humo. Koki kumi na tatu, kila moja na mtaa wake. Jioni alirudi kuzifunga. Aliyekuja kumrithi alikuwa binti mwenye diploma, ambaye watu walimbandika jina la Fundi Mpya kabla hajafungua hata koki moja. Kwa siku tatu wawili hao walizunguka pamoja, binti akiandika kila koki ilipo na huzungushwa mara ngapi. Mzee hakumficha kitu. Hilo tuliweke wazi mapema, maana watu waliokunywa maji yake miaka yote hiyo walikuja kulitilia shaka bila hata haya.

Siku ya kwanza bila Mzee, maji yalitoka kila mtaa isipokuwa ule wa kilimani. Siku ya pili, vilevile. Fundi Mpya akaeleza ofisini kwamba koki ya saba, inayolisha kilimani, amejaribu kuifungua ikagoma, imekaza hadi mwisho. Wakubwa wakaamua kwamba koki isiyofunguka zaidi basi iko wazi tayari, na kama iko wazi, bomba limepasuka chini kwa chini; wakaagiza koki isiguswe tena. Mkoa ukaleta mashine ya kuchimba barabara, na wakazi wakatangaziwa wateke maji bondeni kwa sasa.

Sasa, watu wa kilimani wana ndoo, na wana midomo pia. Kufikia siku ya tatu ilikuwa imeshajulikana, dukani na kwa kinyozi, kwamba Mzee Koki ameyafunga maji kwa kinyongo. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, wakashuka na madumu yao.

Habari zilimkuta kwenye kiti chake barazani, na tangu hapo kiti hakikukalika. Aliinuka, akafungua bomba la uani, akalifunga. Akaenda hadi getini, akarudi. Akakaa, akainuka. Mkewe, aliyekuwa akishona vifungo vya shati, alimwambia kama anataka kupima ua atamletea futi kamba.

Siku ya nne ikalia simu. Alikuwa dada yake mkubwa, mkazi wa kilimani, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na ambaye magoti yake hayakuweza tena kupanda na ndoo. Hakulalamika. Alimuuliza hali, akauliza hali ya mkewe, kisha akateremsha sauti.

"Mdogo wangu, kama umeyafunga, yafungue tu. Mimi sitamwambia mtu."

Mzee aliweka simu chini. Barua ya mkoa ilimkera, maneno ya dukani yalimkasirisha, lakini hili lilimuumiza kabisa. Alirudi kitini akafumba macho, midomo ikimcheza.

"Baba watoto," mkewe akauliza baada ya muda, "unakoroga nini hapo?"

Alifumbua macho akaiona mikono yake imening'inia hewani. Akamweleza kwamba anazipitia koki zote kumi na tatu tangu mwanzo, aone ni neno gani alisahau kumwambia yule binti, na hajaliona. Mkewe akamwambia apitie tena, kwa sauti, yeye atazame. Akaanza. Ya posta, mizunguko tisa. Ya shule, kumi na moja. Alipofika ya saba, mkewe akaweka sindano chini.

"Rudia hiyo."

Akarudia.

"Zote unazungusha kushoto. Mbona hiyo umezungusha kulia?"

Mzee aliitazama mikono yake kama vitu vya kuazima. Ndipo likamjia. Mwaka ule koki ya saba ilipovunjika, stoo haikuwa na nyingine, akaenda kung'oa moja kwenye kiwanda kilichobomolewa, akaiweka mwenyewe. Hiyo ilifunguka kinyume na wenzake. Mwaka wa kwanza alijikumbusha kila siku. Baadaye mkono ukazoea, kichwa kikapumzika. Na siku zile tatu za makabidhiano aliizungusha yeye, kwa kuwa ni nzito, binti akihesabu mizunguko huku macho yakiwa kwenye karatasi.

Alitoka mbio na kandambili za mkewe. Barabara ilikwishachimbwa shimo la kumeza gari, na kando yake alisimama afisa wa mkoa mwenye kizibao cha kung'aa, akamkumbusha kwamba asiye na kitambulisho akigusa koki anashtakiwa. Mzee akaweka mikono nyuma.

"Binti yangu," akamwambia Fundi Mpya, aliyesimama ukingoni na ufunguo, "zungusha kulia."

Afisa akasema kulia ni kufunga, hata mtoto anajua. Binti alimtazama Mzee usoni, akazitazama kandambili zenye maua, akashika ufunguo. Koki ikakubali. Alipofika mzunguko wa kumi na mbili bomba lilikuwa likikoroma chini ya miguu yao, na haukupita muda kelele za ndoo zikasikika kutoka juu.

"Kwa nini hukusema siku zote hizi?" afisa akauliza.

"Nilikuwa sijui kwamba najua."

Afisa akamtaka aandike yote ambayo hajayasema, ayapeleke ofisini kesho. Shimo likabaki wazi, likisubiri kibali cha kulifukia.

Nyumbani simu ililia kabla hajavua kandambili.

"Yametoka, mdogo wangu," dada yake akasema, na alikuwa akilia. "Asante kwa kuyafungua."

Mzee akaanza kumweleza habari za kiwanda, na kushoto, na kulia. Dada akamkatiza kwa upole.

"Yaishe, baba. Nimeshakusamehe."

Alishikilia simu sikioni muda mrefu baada ya kukatika. Kisha akakaa kwenye kiti chake, akainua mikono, akaanza upya tangu koki ya posta, na kumwomba mkewe amtazame.